Naona, Naona: Je, Akili Inaweza Kuponya Macho?

Katika kila darasa yupo mwanafunzi ambaye mwalimu akishaandika ubaoni na kufuta, yeye ndiyo kwanza anamgeukia jirani yake: "Nipe daftari lako nikopi." Walimu humwita mvivu. Wenzake humwona msumbufu. Pengine mwanafunzi huyo ni wewe mwenyewe, na unajua kwamba uvivu huna. Huoni ubao, basi.

Hivi karibuni nilikuwa Matogoro, hapa Songea, kufundisha kipindi cha afya katika shule moja ya sekondari. Kwa wasiopafahamu, Matogoro ndiko kuliko na chuo cha ualimu, na milima yake yenye msitu ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma. Baridi ya kule mwezi wa sita usiniulize. Nilikuwa nimebeba chati ya kupimia macho, ile yenye herufi kubwa juu na ndogo chini.

Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja wa kidato cha tatu akanifuata nje. Alitazama kwanza kama kuna mtu anatusikia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Dada, mtu akifanya mazoezi ya macho miezi mitatu bila kukosa, na akaamini kabisa moyoni, halafu bado haoni ubao, anakuwa amekosea wapi?"

Nikamwuliza ni mazoezi gani. Akanieleza. Kila asubuhi alisugua viganja mpaka vikapata joto, akafunika macho. Kisha akazungusha macho kulia mara ishirini, kushoto mara ishirini. Mwisho alilitazama jua likichomoza huku akihesabu mpaka kumi, ili mwanga "usafishe" macho. Wakati wote huo alikuwa akijiambia kimoyomoyo: naona, naona, naona. Aliyapata haya kwenye video katika simu ya kaka yake wakati wa likizo. Msemaji alidai kuwa miwani ni biashara tu, na kwamba macho hudhoofika kwa sababu ya hofu na akili isiyotulia.

Kilichoniuma si hayo mazoezi. Ni kwamba binti alikuwa anajilaumu. Aliona imani yake haitoshi, na kwa hiyo macho yake mabovu ni kosa lake. Na huku Hisabati inaporomoka. "Ya ubaoni nayaandika kwa kumsikiliza Madam," akaniambia. Alama ya kutoa ikipita bila kutamkwa, hesabu nzima imeharibika. Na mtihani wa taifa wa kidato cha nne haumngoji mtu.

Sikuweza kumjibu kwa sentensi moja. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

JICHO LINAVYOFANYA KAZI

Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga huingia kwa mbele, hupindwa na ngozi angavu iitwayo konea, hupindwa tena na lenzi iliyo ndani, kisha hukutana nyuma ya jicho kwenye utando uitwao retina. Miale ikikutana juu ya retina sawasawa, unaona vizuri.

Sasa, wapo watu ambao jicho lao limekua likawa refu kuliko inavyotakiwa. Miale ya vitu vya mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na ikifika imeshatawanyika. Ubao unakuwa ukungu, lakini daftari lililo karibu linasomeka vizuri tu. Urefu ukizidi kwa milimita moja, mtu huanza kuona ukungu kwa kila kitu kilicho mbali zaidi ya kiasi cha sentimita 40. Milimita moja! Ndiyo inayomfanya mtoto wa watu aitwe mvivu.

Tatizo hili mara nyingi hurithiwa, na pia huongezwa na kusoma kwa karibu saa nyingi huku mtoto akikaa nje kidogo mno. Huanza utotoni au wakati wa kubalehe, mwili unapokua, jicho nalo likiwemo. Kwa hiyo si ajabu darasa la saba uliona vizuri ukiwa kiti cha nyuma, na kidato cha pili unaomba kukaa mbele.

Na hauko peke yako. Watafiti waliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari katika Jiji la Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya kila wanafunzi 100, kama 6 walihitaji miwani. Katika darasa la wanafunzi 50 ni watatu hao. Lakini kati ya waliohitaji, waliokuwa nayo kabla ya kupimwa ni watatu tu kwa kila kumi.

WAZO HILI LIMETOKA WAPI?

Mazoezi ya yule binti si mapya hata kidogo. Mwaka 1920 daktari mmoja wa macho wa New York, William Bates, alitoa kitabu akidai kwamba macho mabovu yanasababishwa na akili iliyokazana. Alisema misuli iliyo nje ya jicho ndiyo hulirefusha na kulifupisha ili tuone mbali na karibu, kwa hiyo akili ikitulia, misuli inalegea, na miwani inatupwa. Alifundisha watu kufunika macho kwa viganja, kuyumbisha mwili, na kuyaanika macho juani. Tangu hapo wazo lake limepita mikono mingi, na sasa limefika kwenye simu ya kaka.

Tatizo ni kwamba msingi wenyewe ulikuwa umeshabomolewa zamani. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young, ambaye alikuwa hata hajafikisha miaka 30, alijifanyia majaribio kwenye macho yake mwenyewe (naomba mtu asimwige). Alionyesha kwamba tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu, kinachobadilika ni lenzi iliyo ndani. Jicho halijirefushi wala halijifupishi. Bates alikuja miaka zaidi ya mia baadaye na kusema kinyume, na ushahidi haukumuunga mkono.

Kusugua viganja na kufunika macho hakuna madhara. Kunapumzisha, na mimi mwenyewe nikichoka nafanya. Kutazama jua ni jambo jingine kabisa. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo inaweza kuungua wewe ukiwa umesimama pale unahesabu mpaka kumi bila kusikia chochote. Baadaye unabaki na doa katikati ya kile unachotazama, na doa hilo miwani haiwezi kuliondoa. Mtakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakajaa Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia. Walionywa wasilitazame kwa macho matupu. Onyo hilo halikuwa la siku ile tu. Nilimwambia binti aache siku hiyohiyo.

LAKINI MBONA WENGINE WANASEMA WAMEPONA?

Swali zuri, na si haki kusema wote wanadanganya.

Wapo ambao macho yao hayakuwa marefu. Walisoma usiku kucha wakijiandaa na mtihani, lenzi ikang'ang'ania hali ya kuona karibu, na kesho yake mbali kukawa ukungu. Wakipumzika, hurudi kawaida. Mtu wa namna hiyo akifanya mazoezi yoyote kwa wiki mbili, hata ya kuruka kamba, atasema yamemponya.

Wapo wanaofinya macho bila kujijua. Ukifinya unapunguza nafasi ya mwanga kupita na kuona kunaboreka kidogo, ila kichwa kitauma kabla ya kengele ya mapumziko. Na wapo waliokariri chati. Siku ile kuna kijana alinisomea mstari wa chini huku jicho lake amelifunika lote mawili! Alikuwa amewasikiliza waliomtangulia.

Halafu kuna jambo ambalo ni kweli kabisa: umakini unasaidia kusoma kitu kisichoonekana vizuri. Mwaka 2010 Ellen Langer wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu waliowekwa katika hali ya urubani, wakiendesha ndege ya kuigiza, walisoma herufi ndogo kuliko walivyoweza mwanzo. Ubongo ukihamasika hujitahidi zaidi kuifasiri picha iliyofifia. Picha yenyewe lakini imebaki vilevile, na jicho ni lilelile. Kwenye neno la Kiswahili utabahatisha, maana ukiona "mw-nafu-zi" unajua ni nini. Kwenye hesabu, kati ya jumlisha na toa, utabahatisha nini?

JARIBU MWENYEWE

Nilimwambia yule binti achukue jalada la daftari kuukuu, atoboe tundu dogo kwa ncha ya bikari, kama milimita moja hivi. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibana, na kwa jicho jingine achungulie kupitia tundu lile kwenye kibao kilichokuwa ng'ambo ya uwanja. Kabla ya hapo alikuwa ameniambia anaona ubao mweupe tu, hauna maandishi.

Akachungulia. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti, wala hakujali tena nani anasikia: "Dada, naona!"

Hapo hakuna muujiza, ni Fizikia ya kidato cha kwanza. Tundu dogo hupitisha miale michache iliyonyooka, kwa hiyo hata jicho lisilopangika vizuri hupata picha safi. Na kipimo hiki kinakwambia jambo kubwa. Kama ukungu unapungua ukichungulia kwenye tundu, basi tatizo lako ni la kupindwa kwa mwanga, na kuna uwezekano mkubwa miwani itakusaidia. Kama tundu halisaidii kitu, tatizo linaweza kuwa jingine, na usikae nalo. Mkoa wetu wa Ruvuma, kwa mfano, ni miongoni mwa maeneo yenye historia ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, nao unaweza kupofusha. Na ikiwa jicho limefifia ghafla, linauma, au unaona kama pazia limeshuka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Cha pili tulichofanya ni kupima umbali. Shika kitabu, funika jicho moja, kisogeze taratibu mbali na uso mpaka herufi zianze kufifia. Mwenzako apime kwa rula kutoka jichoni hadi kwenye kitabu. Tuseme ni sentimita 50, yaani mita 0.5. Gawanya 1 kwa 0.5, unapata 2. Mpima macho huenda akaandika namba iliyo karibu na toa 2, kwa maana ya lenzi iliyobonyea katikati ambayo hutawanya miale kidogo ili ikutane mbele kidogo zaidi, juu ya retina. Binti alipata sentimita 40. Alipiga hesabu mwenyewe: 2.5. Nami nikamwuliza: ubao uko mita ngapi kutoka kwenye dawati lako? Tukacheka wote.

Kipimo hiki cha rula ni cha kujielewa tu. Usiende nacho dukani kununulia miwani.

ETI MIWANI INAHARIBU MACHO

Hili nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi, na hata kwa walimu. "Fulani alianza na namba ndogo, sasa anavaa chupa!" Ni kweli namba yake imepanda. Lakini mtoto akiwa anakua, kila mwaka unamnunulia viatu vikubwa zaidi, na sijasikia mtu akisema viatu ndivyo vinavyorefusha miguu. Jicho la kijana linaendelea kukua, miwani inalifuata. Huko Malaysia walijaribu kuwapa watoto miwani yenye nguvu pungufu, wakitumaini macho yatajitahidi yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: macho yao hayakupata nafuu, bali yalizidi kurefuka kidogo kuliko ya wenzao waliopewa miwani kamili.

Karoti, mchicha na maembe vina faida kwa sababu ya vitamini A, ambayo ukiikosa sana huoni usiku na jicho linaweza kuharibika. Kula. Ila hakuna karoti inayofupisha jicho. Na majani ya kukamulia jichoni, tafadhali, hapana.

Njia ya asili yenye ushahidi ni moja, nayo ni bure: kukaa nje mchana. Katika mji wa Guangzhou, China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliopata tatizo la kutoona mbali ni 30 kwa 100, wakati kwa wenzao waliofuata ratiba ya kawaida ni karibu 40 kwa 100. Angalia vizuri lakini: inazuia lisianze. Lililokwisha kuanza hairudishi nyuma. Kwa hiyo mdogo wako anayeanza darasa la kwanza mwache acheze.

Wewe wakati wa prepo, shika kitabu umbali wa kiwiko hadi ngumi, na kila baada ya dakika ishirini hivi inua uso utazame mbali. Mchana mna milima ya kutazama, mna bahati. Pepesa macho, maana tukikodolea kitabu au simu tunasahau kupepesa na macho yanakauka. Haya yataondoa uchovu na maumivu ya kichwa. Ubao, kwa mwenye jicho refu, utabaki ukungu.

AKILI INA KAZI YAKE

Hapa sasa ndipo ninapokubaliana na ile video kwa upande mmoja: akili ina nafasi. Sikiliza habari hii. Katika shule 37 za sekondari za Dar es Salaam, wanafunzi wa kidato cha kwanza waliohitaji miwani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani bure. Jingine lilipewa karatasi ya vipimo ili wakanunue. Utafiti ulichapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiivaa au wanayo pale shuleni ni 26 kwa 100 katika kundi la karatasi. Hiyo naielewa, fedha. Lakini katika kundi la bure? Ni 47 kwa 100. Zaidi ya nusu walikuwa na dawa na hawaitumii.

Najua kwa nini, maana nilikuwa mmoja wao. Nilipoingia kidato cha tano nilikuwa na miwani, ikakaa ndani ya tranka muhula mzima kwa sababu ya kuitwa "macho manne". Siku moja nikampita mwalimu wa nidhamu bila kumwamkia. Sikumtambua, niliona shati tu. Nikahesabiwa kuwa nina kiburi, nikafagia uwanja wiki nzima. Na bado sikuivaa! Nilianza kuivaa siku nilipopata sifuri ya jaribio la Kemia ambalo maswali yake yaliandikwa ubaoni.

Binti wa Matogoro alikuwa na nidhamu ya kuamka mapema kila siku kwa miezi mitatu. Nidhamu hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kuvaa miwani wiki mbili za kwanza, sakafu inapoonekana kama imeinama na wenzako wanapokutania.

UKITAKA KUPIMWA

Anza na mwalimu wa afya au mlezi wa shule, akuandikie barua ya ruhusa. Hapa kwetu ulizia huduma ya macho katika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Songea, au hospitali ya misheni ya Peramiho. Kama una bima, chukua kadi yako na uulize mapema inalipia nini. Wapima macho ni wataalamu waliosomea kazi hiyo, wengi wao wamefundishwa KCMC, Moshi. Usinunue miwani ya kutembezwa na wamachinga sokoni. Ile mara nyingi ni ya kusomea ya wazee, lenzi yake imetuna, na wewe usiyeona mbali itakuongezea ukungu.

Mzazi akikataa, usibishane naye. Mpe lile jalada lenye tundu. Mwombe achungulie kwanza yeye, halafu wewe mbele yake usome kitu cha mbali bila tundu, kisha kwa tundu. Binti yule alifanya hivyo kwa baba yake mdogo anayemlea, mtu aliyekuwa ameapa kwamba miwani haingii nyumbani kwake. Baba mdogo alilichukua lile jalada, akalizungushazungusha, akauliza ni daftari la somo gani.

Nilipopita tena shuleni kwao nilimkuta na miwani, amekaa safu ya tatu. Darasani anaivaa. Paredi anaivua.

MJADILI KATIKA KLABU YENU

Darasani kwenu ni wangapi husogelea ubao au hunakili kwa jirani? Je, wameshapimwa? Ni majina gani mnawaita wanaovaa miwani, na nani aliyaanzisha? Toboeni tundu mjaribu wote, mwandike wangapi wameona tofauti, kisha orodha mpeni mwalimu wa afya.